Kijana, Uzito na Jaribio la Siku Kumi

SOMO LA 8

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Samweli 16:1–7, Danieli 1:1–20, 2 Wafalme 20:1–7, Luka 14:28–30, Marko 5:35–43, Wagalatia 6:1–5.

Fungu la Kukariri: Wagalatia 6:2. Lisome katika Biblia yako na kulikariri, kisha ulisome tena pamoja na fungu la 5.

Paulo anawaandikia Wagalatia habari za mizigo. Katika fungu la 2 anawaagiza waamini wasaidiane kuibeba. Mafungu matatu baadaye anasema kwamba kila mtu analo furushi lake la kubeba mwenyewe. Je, mtume anajipinga? Hapana. Katika Kiyunani ametumia maneno mawili. La kwanza, *baros*, ni uzito unaomlemea mtu hata asiweze kuinuka. La pili, *phortion*, ni mzigo wa kawaida ambao kila msafiri hujitwisha anapoondoka nyumbani. Hekima ya kanisa ni kuijua tofauti ya mizigo hiyo miwili. Kumwachia mtu peke yake mzigo unaomlemea ni ukatili, na kumbebea furushi lake ni kumdhoofisha.

Juma hili tutaangalia mzigo mmoja ambao mara nyingi umehesabiwa kuwa furushi la mtu binafsi, nao ni unene uliokithiri wa mtoto au kijana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watoto na vijana zaidi ya milioni 390, wenye umri wa miaka 5 hadi 19, walikuwa na uzito uliozidi. Kati yao milioni 160 walikuwa na kiribatumbo. Kwa sehemu yao, ushauri wa kupunguza soda na kutembea kidogo hautoshi tena. Wanahitaji matibabu, na mojawapo ya matibabu hayo ni mpango mkali wa chakula unaosimamiwa na daktari.

Je, Biblia ina neno lolote kuhusu matibabu ya namna hii? Ni nani anayepaswa kuyasimamia? Na ni sehemu gani ya mzigo huu ambayo familia na kanisa wanaitwa kuibeba?

*Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI

Macho ya Samweli

Soma 1 Samweli 16:1–7. Samweli alivutwa na nini alipomwona Eliabu? Mungu alimsahihisha namna gani?

Samweli alikuwa nabii mzoefu, lakini siku ile nyumbani kwa Yese macho yake yalimdanganya. Aliona urefu na umbo la kupendeza, akadhani amemwona mfalme. Bwana alimwambia kwamba Yeye hapimi kama wanadamu wapimavyo, kwa maana huutazama moyo.

Kosa la Samweli lilikuwa kumkweza mtu kwa sababu ya umbo lake. Lipo kosa linalofanana nalo kwa upande wa pili, yaani kumshusha mtu kwa sababu ya umbo lake. Kijana mwenye kilo 120 anapoingia kanisani, wengi hudhani wameshaisoma tabia yake: mvivu, mlafi, asiye na kiasi. Hawajui anakula nini, wala hawajui mwili wake unafanyaje kazi.

Mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake huko New York walitangaza kwamba wameipata jeni inayoongoza utengenezaji wa homoni fulani katika mafuta ya mwili. Homoni hiyo, iliyoitwa leptini, huupasha ubongo habari kwamba akiba ipo ya kutosha. Mwaka 1997, madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja ambao miili yao haikuweza kuitengeneza leptini. Msichana wa miaka 8 alikuwa na kilo 86, na mwenzake wa miaka 2 alikuwa na kilo 29. Walizaliwa wakiwa na uzito wa kawaida, lakini njaa yao haikushibishwa na chakula. Msichana huyo alipoanza kuchomwa sindano za leptini, hamu yake ya kula ilishuka. Kwa miezi 12 alipungua kilo 16.

Ugonjwa huo ni wa nadra sana, na vijana walio wengi wenye unene hawana upungufu huo. Hata hivyo watoto wale wawili walifundisha ulimwengu jambo linalowahusu wote: njaa haitoki katika nia peke yake. Mwili huiongoza kwa homoni, kwa jeni za urithi, kwa usingizi, kwa msongo wa mawazo, na hata kwa baadhi ya dawa. Zaidi ya hayo, mtu anapopungua uzito, mwili wake hujitetea. Leptini hushuka, njaa huongezeka, na mwili huanza kutumia nguvu kidogo kuliko awali. Kijana anayejitahidi kupungua anapambana na mwili unaoamini kwamba kuna ukame.

Je, hii inafuta onyo la Mithali 23:20, 21 kuhusu ulafi? La. Onyo hilo linasimama, na kila mtu anapaswa kujipima kwalo. Lakini ulafi hauonekani kwa kutazama kiuno. Mlafi mwembamba haonywi na mtu, huku kijana mnene aliyeshinda na njaa tangu asubuhi huonywa kila Sabato.

Ni maneno gani husemwa kanisani kwenu, hata kwa utani, kuhusu miili ya watoto na vijana? Yangesikikaje masikioni mwa Bwana aliyemsahihisha Samweli?

JUMATATU

Siku Kumi na Msimamizi

Soma Danieli 1:8–16. Orodhesha hatua ambazo Danieli alizifuata tangu alipoazimu moyoni mpaka mwisho wa siku kumi. Ni nani aliyefanya uamuzi wa mwisho?

Hakuna sura ya Biblia inayotajwa zaidi na waalimu wa afya kuliko Danieli 1. Husemwa kwamba Danieli alikataa meza ya mfalme, na hapo habari huishia. Lakini mwandishi ameeleza kwa uangalifu *jinsi* jambo hilo lilivyofanyika.

Kwanza, Danieli aliomba ruhusa. Hakuanza kwa siri, wala hakugoma. Mkuu wa matowashi alipoonyesha hofu kwamba vijana hawa wakidhoofika kichwa chake kingekuwa hatarini (fungu la 10), Danieli hakumdharau. Hofu ya mtu mwenye wajibu juu ya afya ya vijana ni hofu ya haki.

Pili, aliweka muda. Alitaka siku kumi za kujaribu, bila kuahidi jambo la maisha yote.

Tatu, aliomba msimamizi awatazame. Vijana hawa hawakujipima wenyewe. Mtu mwingine, mwenye jicho la kulinganisha, ndiye aliyepaswa kuwaangalia, na Danieli akakubali kwamba baada ya hapo msimamizi awatendee kwa kadiri ya alichokiona. Kama wangedhoofika, jaribio lingekoma.

Nne, hawakuwa peke yao. Hanania, Mishaeli na Azaria walikula chakula kilekile.

Mambo haya manne, yaani ruhusa, muda, uangalizi na wenzi, ndiyo yanayotofautisha matibabu ya chakula na kujinyima ovyo. Daktari wa leo anayempangia kijana chakula maalum huanza kwa kibali cha kijana na cha wazazi, huweka muda, hupima na kulinganisha, na huacha mpango pale mwili unapokataa. Wenzi wa kijana ni watu wa nyumbani mwake.

Lipo jambo la tano ambalo husahauliwa. Soma tena fungu la 15. Vijana wale walionekanaje mwishoni? Walikuwa wamenawiri na kuwa na mwili kuliko wenzao wote. Maneno ya Kiebrania yaliyotumika hapo ni yaleyale yaliyotumika katika Mwanzo 41:2 kwa wale ng'ombe wanono wa ndoto ya Farao. Kwa hiyo sura hii haikuandikwa ili kufundisha kukonda, na mtu anayeitumia kumwaibisha kijana mnene hajaisoma mpaka mwisho. Kipimo cha Danieli kilikuwa afya na uaminifu. Kwa vijana wanne wa Babeli, afya ilionekana kwa kuongezeka mwili. Kwa kijana ambaye magoti yake, ini lake na pumzi yake vimelemewa, afya huenda ikaonekana kwa kupungua. Mungu ni yuleyule, nasi hatuna ruhusa ya kuugeuza ukubwa wa mwili kuwa kipimo cha utakatifu.

Kwa nini ni rahisi zaidi kuiga chakula cha Danieli kuliko kuiga unyenyekevu wake wa kukubali kuangaliwa na mwingine?

JUMANNE

Mkate wa Tini

Soma 2 Wafalme 20:1–7. Mungu alikuwa ameshaahidi kumponya Hezekia. Kwa nini basi Isaya aliagiza tini?

Sala ya Hezekia ilisikiwa kabla nabii hajatoka katika ua wa kati. Uponyaji uliahidiwa, na miaka 15 ikaongezwa. Hata hivyo Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Chakula cha kila siku kikawa dawa, chini ya maagizo, kwa mgonjwa mmoja na kwa ugonjwa mmoja. Hezekia hakuonyesha upungufu wa imani kwa kukubali tini hizo.

Chakula kinaweza kuwa dawa hata leo. Lakini kikishakuwa dawa, kinapaswa kuheshimiwa kama dawa, yaani kina kipimo, kina muda, na kina madhara. Historia moja inaonyesha jambo hili waziwazi.

Mapema miaka ya 1970, madaktari George Blackburn na Bruce Bistrian wa Boston, Marekani, walitengeneza mpango wa chakula kwa watu wenye unene wa hatari. Mgonjwa alipewa chakula kidogo sana chenye nguvu, pungufu ya kilokalori 800 kwa siku, karibu bila wanga wala mafuta. Ndani yake mlikuwa na protini bora ya kutosha, ili mwili uchome mafuta yake bila kuila misuli, na moyo wenyewe ni msuli. Aliongezewa chumvi, potasiamu, kalsiamu na vitamini, na damu yake ilipimwa mara kwa mara. Mwaka 1980, kundi hilo la Boston lilichapisha matokeo ya mpango huo kwa watoto na vijana.

Wakati huohuo, wazo hilo lilitoka hospitalini likaingia sokoni. Mwaka 1976 na 1977, watu wengi nchini Marekani walinunua protini ya maji kwenye chupa, wakaishi kwa hiyo tu kwa miezi. Nyingi ya protini hizo zilitengenezwa kwa ngozi na kano za wanyama, ambazo hukosa baadhi ya viini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Madini nayo yalipungua. Kufikia mwisho wa mwaka 1977 zilikuwa zimetolewa taarifa za vifo karibu 60. Wengi wa waliofariki walikuwa wanawake ambao hawakuwa wazee, na mioyo yao ilipoteza mapigo yake ghafla, baada ya kupungua kilo nyingi na kusifiwa kwa kupungua.

Jambo la kuzingatia ni kwamba baadhi yao walikuwa wakionana na daktari. Kwa hiyo uangalizi si saini juu ya karatasi. Msimamizi wa Danieli alitazama na kulinganisha. Uangalizi wa kweli huuliza protini hii imetoka wapi, potasiamu ya damu ni kiasi gani leo, moyo unapigaje, na mtoto huyu anaendelea kurefuka au amesimama.

Onyo hili linawahusu wanaonunua mitaani na mitandaoni unga, chai na vidonge vya kupunguza unene, na wanaomfungisha mtoto kwa siku nyingi ili apungue. Kufunga ni ibada (Isaya 58:6, 7). Mpango wa chakula ni matibabu. Mambo hayo mawili yakichanganywa, kijana anayeshindwa kufuata mpango wake huamini kwamba amemkosea Mungu, naye huacha daktari na sala kwa siku moja.

Utamjibuje mzazi asemaye kwamba daktari hahitajiki, maombi na kufunga vinatosha kumpunguza mtoto wake?

JUMATANO

Kuhesabu Gharama

Soma Luka 14:28–30. Yesu alikuwa akizungumzia gharama ya kumfuata. Ni kanuni gani katika mfano wake inayomfaa pia mtu anayeanza safari ndefu ya matibabu?

Mwenye kujenga mnara huketi kwanza. Kijana na wazazi wake nao wanapaswa kuketi na kujua wanachoanza.

*Nani anahitaji?* Daktari hugawanya uzito kwa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, kisha hulinganisha jibu na watoto wa umri na jinsia hiyo. Upo mstari ambao, katika vipimo vya rejea, watoto 95 kati ya 100 wako chini yake. Mtoto aliyefika au kuupita mstari huo ana kiribatumbo. Unene uliokithiri huanza pale anapouzidi kwa asilimia 20, au jibu lake linapofika 35. Mpango mkali wa chakula kwa kawaida huwekwa kwa ajili ya hawa, hasa wale ambao tayari wana kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu, mafuta kwenye ini, au pumzi inayokatika usingizini.

*Kinatangulia nini?* Vipimo vya damu, ini, figo na moyo. Mazungumzo kuhusu usingizi, shule na moyo ulioumizwa. Daktari humchunguza kwa makini kijana mwenye dalili za kujitapisha, au za kula kwa siri kisha kujinyima, kwa maana mpango mkali unaweza kumzidishia ugonjwa huo. Msichana mjamzito hapewi kabisa mpango huu. Anayetumia sindano za kisukari huenda akahitaji dozi yake ipunguzwe tangu siku ya kwanza, la sivyo sukari yake itashuka mno.

*Nini hutokea?* Siku za kwanza huja na maumivu ya kichwa, uchovu, choo kigumu na hasira. Kupungua haraka kunaweza kuleta mawe kwenye kifuko cha nyongo. Ndiyo sababu kipindi kikali huwa kifupi, mara nyingi majuma machache, kisha vyakula hurudishwa hatua kwa hatua.

Utafiti mmoja uliofanyika Sydney na Melbourne, Australia, na kuchapishwa mwaka 2024, unasaidia kuona safari yote. Vijana 141 wenye umri wa miaka 13 hadi 17 walianza kwa majuma 4 ya takriban kilokalori 800 kwa siku. Kisha makundi mawili yakafuata njia tofauti. Kundi moja lilipunguza chakula sana kwa siku 3 za juma. La pili lilipunguza kwa kiasi kila siku. Makundi yote mawili yalipungua kwa kiwango kilekile. Waliofika mwisho wa mwaka walikuwa 97.

Idadi hiyo inafundisha mawili. Njia mbili tofauti zilileta matokeo yanayolingana, kwa hiyo hakuna chakula cha siri. Na pamoja na madaktari na wataalamu wa lishe wote waliokuwapo, karibu theluthi moja ya vijana waliishia njiani. Mnara huu ni mrefu. Asiyeumaliza mara ya kwanza asichekwe kama yule mjenzi wa mfano, bali asaidiwe kuhesabu upya.

Katika wilaya nyingi hakuna kliniki ya namna hii. Hapo familia ianze kwa daktari wa watoto na afisa lishe wa hospitali ya karibu. Kama damu haiwezi kupimwa, mpango mkali usianzishwe. Zipo hatua ambazo ni salama kwa karibu kila kijana: maji mahali pa soda na juisi za sukari, milo yenye saa zake, usingizi wa kutosha, kutembea kila siku, na maharage, mboga na matunda yakiongezeka kwenye sahani huku vya kukaanga vikipungua. Hatua hizo ni za polepole, lakini mwenye kuzianza ameshaweka msingi.

Ni kwa nini tunapenda zaidi ushuhuda wa aliyepungua kilo 30 kwa miezi mitatu kuliko wa aliyedumu katika safari kwa miaka mitatu?

ALHAMISI

Mpeni Chakula

Soma Marko 5:35–43. Yesu aliwatoa nani nje ya chumba? Aliwaingiza nani? Agizo lake la mwisho lilikuwa nini?

Msichana wa Yairo alikuwa na miaka 12. Nyumba ilijaa watu, na Yesu alipotamka neno la tumaini, walimcheka. Yeye hakubishana nao. Aliwatoa wote nje. Kisha akawachukua baba na mama, pamoja na wanafunzi watatu, wakaingia alipokuwa mtoto. Msichana alipoinuka, Bwana wa uzima aliwaagiza wampe chakula.

Utaratibu huu wafaa kila nyumba yenye kijana anayetibiwa.

*Wacheka watoke nje.* Majina kama "tembo," "kiboko" na "bonge" hayamponyi mtoto. Anayedhihakiwa kwa sababu ya uzito mara nyingi hula zaidi, na kwa siri, na hukimbia michezo ambayo ingemsaidia. Kiongozi wa Watafuta Njia ambaye huwaacha wenzake wamcheke kijana kwenye gwaride, au ambaye hana sare ya kumtosha, amemfungia mlango. Mzazi ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kumtetea mtoto mbele ya mashangazi na majirani.

*Baba na mama waingie.* Mwongozo uliotolewa Januari 2023 na chama cha madaktari wa watoto wa Marekani unapendekeza angalau saa 26 za ana kwa ana kati ya wataalamu, mtoto na familia yake, ndani ya miezi 3 hadi 12. Familia imo katika pendekezo hilo kwa sababu mtoto hanunui chakula cha nyumbani wala hapiki. Mama akimpikia kijana sahani yake ya pekee huku wengine wakila chipsi mbele yake, amemwacha na *baros*. Nyumba nzima ikibadilisha sufuria, mzigo umegawanywa. Kijana naye ana *phortion* yake: kusema kweli kuhusu alichokula, kumeza dawa zake, kwenda kliniki siku aliyopangiwa. Hilo hakuna awezaye kumbebea.

*Mpeni chakula.* Agizo hili ni pana kuliko wali. Kijana aliye kwenye matibabu bado anahitaji meza ya ushirika. Kwenye makambi na kwenye chakula cha pamoja cha Sabato, wenyeji wanaweza kumwuliza mzazi mapema ni nini kinachofaa, na kukiweka mezani kwa ajili ya wote, pasipo kumtangaza mtu. Asiulizwe hadharani amepungua kilo ngapi. Siku ya kufunga ya kanisa inapofika, mzee wa kanisa na amwambie waziwazi kwamba aliye chini ya dawa au mpango wa daktari anaweza kushiriki kwa sala, bila kuacha chakula alichoandikiwa.

Zaidi ya yote, apewe kazi: somo la kusoma, wimbo wa kuongoza, darasa la watoto la kusaidia. Kijana akijua kwamba anahitajiwa kabla hajapungua, ataamini kwamba anapendwa hata asipopungua.

Ni jambo gani moja ambalo familia yako inaweza kulibadilisha mezani juma hili, ili mmoja wenu asibebe peke yake?

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi: Katika kitabu *Huduma ya Uponyaji*, kilichotolewa mwaka 1905, Ellen G. White anataja hewa safi, mwanga wa jua, kiasi, pumziko, mazoezi, lishe inayofaa, maji, na kumtumaini Mungu kuwa dawa za kweli. Linganisha orodha hiyo na mambo ambayo daktari hujadiliana na kijana kabla ya kuanza mpango wa chakula, kisha angalia ni mangapi kati yake ambayo familia inaweza kuanza nayo nyumbani.

Juma hili tumeona kwamba mwili wa kijana mnene si hati ya mashtaka. Tumeona kwamba Danieli, ambaye jina lake hutumiwa kuwaonya wanaokula sana, aliomba aangaliwe, akaweka muda, na akatoka akiwa amenenepa. Tumeona pia kwamba chakula kinachopunguzwa kwa maarifa kinaweza kuokoa maisha, na kikipunguzwa bila maarifa kinaweza kusimamisha moyo. Mwili huu ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19, 20). Hekalu linapohitaji matengenezo, halipigwi mawe. Huitwa fundi, na washiriki huchangia.

Maswali ya Kujadili:

1. Rudia Wagalatia 6:2 na 6:5. Katika matibabu ya kijana mwenye unene uliokithiri, ni sehemu gani ni ya kijana mwenyewe, ipi ni ya wazazi, ipi ni ya daktari, na ipi ni ya kanisa? Nini hutokea sehemu hizo zinapobadilishana?

2. Mshiriki mmoja anauza unga wa kupunguza unene, naye huutangaza kwa akina mama baada ya ibada kwa kutaja Danieli 1. Kwa kufuata hatua za Danieli mwenyewe, mnaweza kumwuliza maswali gani?

3. Kijana wa miaka 16 alipungua kilo 20 kwa mwaka mmoja chini ya uangalizi wa daktari. Mwaka uliofuata kilo 12 zimerudi, naye ameacha kuja kanisani kwa aibu. Mkimtembelea nyumbani kwao, mtasema nini, na ni mambo gani hamtayataja kabisa?

4. Katika darasa lenu, zungumzeni kuhusu huduma zilizopo karibu nanyi. Ni wapi mzazi anaweza kumpata daktari wa watoto na afisa lishe? Idara ya afya ya kanisa inaweza kufanya nini ili familia isiyo na nauli ya kwenda kliniki kila mwezi isiishie njiani?